Darasa la Kawe na la Kigoma katika Somo Moja

Ndugu msikilizaji, juma hili tutazame chombo ambacho wengi tumezoea kukihusisha na mikutano ya wakubwa. Ni mawasiliano ya video, yanayowawezesha watu walio mbalimbali kuonana na kuzungumza papo kwa papo. Swali letu ni hili: chombo hiki kina kazi gani katika darasa la shule ya msingi, kwa mfano hapa Kawe?

Chombo chenyewe si kigeni nchini. Mwaka 2000 kilifunguliwa Dar es Salaam, katika jengo la Chuo cha Usimamizi wa Fedha, kituo ambako watumishi na wataalamu walijifunza kwa video pamoja na wenzao wa nchi nyingine. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kazi Julai 2009, na ule wa EASSy ukafuata mwaka 2010. Baada ya Sensa ya Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumika kuhesabu watu vilikabidhiwa walimu. Kwa hiyo walimu wengi wamekwisha kupata kamera. Kinachohitajika zaidi ni somo linalostahili kamera hiyo.

Tukumbuke mwaka 2020. Shule zilifungwa Machi 17 kwa sababu ya korona, na za msingi zikafunguliwa tena Juni 29. Katika kipindi hicho redio na runinga zilirusha masomo, na zilisaidia. Lakini mafunzo yale yalikwenda upande mmoja. Mtoto aliyekwama kwenye sehemu za hesabu hakuweza kunyoosha mkono. Wahenga walisema, asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Faida ya mawasiliano ya video ni kwamba swali linakwenda na jibu linarudi.

Hata hivyo, kuonana tu si kujifunza. Watoto wa Kawe wakiwapungia mkono watoto wa Kigoma, wakaimbiana wimbo na kuagana, hilo ni jambo la furaha lakini bado si somo. Somo la ushirikiano huanza pale kila upande unapokuwa na kitu ambacho mwenzake hana, na kazi haikamiliki bila wote wawili.

Nitoe mfano. Darasa la Kawe lisimamishe uwanjani fimbo ya mita 1, na darasa la Kigoma lifanye hivyo hivyo. Kuanzia saa 6 kamili mchana, kila baada ya dakika 10, wapime urefu wa kivuli na kusomeana vipimo. Saa za ukutani zinalingana kabisa, kwani nchi yetu ina saa moja. Lakini kivuli cha Kawe kitafikia ufupi wake kwanza, na cha Kigoma kitafuata baada ya takriban dakika 38. Watoto watabishana: nani amepima vibaya? Hakuna aliyekosea. Dunia huzunguka nyuzi 1 kila dakika 4, na Kigoma iko takriban nyuzi 9 na nusu magharibi ya Dar es Salaam. Darasa moja peke yake lisingeweza kuigundua tofauti hiyo. Lingeikuta kitabuni na kuikariri.

Mifano mingine iko tele. Mtoto wa Kawe anajua bahari inavyojaa na kupwa mara mbili kwa siku. Mwenzake wa Kigoma anaishi kando ya Ziwa Tanganyika, lenye kina cha takriban mita 1,470, na hajawahi kuona maji yakikimbia ufuko kwa namna hiyo. Waulizane kwa nini. Na sisi tuna bahati kubwa: katika shule zetu za msingi za umma lugha ya kufundishia ni Kiswahili, hivyo watoto hawahitaji mkalimani. Hata wenzao wa Mombasa wataelewana nao.

Sasa tuje kwenye ugumu. Michango ya lazima na ada zilipofutwa Januari 2016, watoto walifurika madarasani. Kiwango cha Serikali ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja, lakini madarasa mengi ya mjini yamekivuka mno. Watoto 100 hawawezi kuzungumza mbele ya kishikwambi kimoja. Dawa yake tulikwisha kuijua mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walisikiliza redio wakiwa katika vikundi vidogo, kila kikundi na kiongozi wake na kijitabu chake, kisha wakajadiliana. Darasani nako iwe hivyo. Watoto wagawanywe vikundi vya 8 au 10, kila kikundi kiandae swali moja, na mjumbe wake alilete mbele.

Jambo la pili ni sauti. Picha ikififia somo huendelea, lakini sauti ikikatika somo limekwisha. Shule yenye fedha kidogo inunue kwanza spika na maikrofoni nzuri kabla ya skrini kubwa. Tatu ni gharama: saa moja ya video huweza kula gigabaiti 1 au zaidi. Nne, mtandao haukosi siku mbaya. Mei 12, 2024 mikongo ya baharini ilipata hitilafu na nchi nzima ikapata shida ya intaneti. Kwa hiyo walimu wawili wapange mapema, na wawe na simu ya kawaida ya kusomeana vipimo iwapo picha itagoma.

Ndugu msikilizaji, hatari iliyopo ni kwamba shule za kulipia zitalifanya jambo hili bila kungoja mtu, na watoto wa shule za umma watalisikia kwa majirani. Hapo chombo cha kuunganisha watoto kitakuwa kimewatenga. Kamati za shule, maofisa elimu na walimu wakuu hawana budi kulianza wakiwa na vifaa vilivyopo: kishikwambi kimoja, spika moja, shule rafiki moja ya mkoa wa mbali, na somo moja kwa mwezi. Fimbo ya kupimia kivuli haina bei.