Daftari la Anayejifunza Kompyuta Peke Yake

Mtu anayejifunza kuandika programu za kompyuta bila mwalimu husumbuliwa siku hizi na wingi wa masomo zaidi ya uhaba wake. Huanza kitabu hiki, akakiacha kwa ajili ya kingine, na baada ya miezi michache ana lundo la sura za kwanza tu. Wengi humwita mvivu. Ukweli ni kwamba amevipanga vitabu kwa jinsi alivyovipata, wala si kwa kazi anayotaka kuifanya.

Mwaka 1957 Donald Knuth, mwanafunzi wa fizikia katika chuo cha Case, jimboni Ohio, Marekani, alikutana na kompyuta ya IBM 650. Kumbukumbu yake ilikuwa ngoma ya sumaku yenye nafasi 2,000, kila moja ikibeba tarakimu 10. Knuth aliusoma mwenyewe mwongozo wa mashine hiyo, akaona kwamba programu za mfano zilizochapwa humo zingeweza kuandikwa vizuri zaidi, naye akajaribu. (Kasoro za mwongozo, basi, zilimfaa kuliko ukamilifu wake.) Programu yake ya kwanza ilitafuta vigawo tasa vya namba. Alikuwa na mwongozo mmoja na swali moja.

Mwanafunzi wa sekondari aweza kufanya vivyo hivyo. Tuseme ataka programu ya kukokotoa wastani wa alama za darasa. Juu ya ukurasa wa daftari aandike swali: alama 40 zitahifadhiwaje? Chini yake aandike kitabu na ukurasa alikopata jibu, kisha programu fupi aliyoitunga na kuijaribu yeye mwenyewe. Somo lisilojibu swali lolote la daftari liwekwe kando hadi zamu yake ifike.

Kurasa za nyuma ziwe za makosa. Knuth alipotunga TeX, programu ya kupanga maandishi ya vitabu kwa uchapaji, aliweka orodha ya makosa yake tangu mwaka 1978. Aliitangaza mwaka 1989, ikiwa na makosa na mabadiliko zaidi ya 850, yaliyogawanywa katika mafungu 15: njia ya kukokotoa iliyopotoka, jambo lililosahauliwa, mambo ya kushangaza, hata herufi zilizokosewa tu.

Kwa mwanagenzi, mafungu manne au matano yatosha. Lugha ya Python, kwa mfano, huanza kuhesabu orodha kwa 0. Katika orodha ya majina 40, jina la mwisho lina namba 39. Anayeiomba namba 40 hujibiwa kwamba amevuka mpaka wa orodha. Kosa hilo likionekana mara tatu katika daftari, mwanafunzi ajua ni sura ipi airudie jioni hiyo, na mwalimu, akilipitia daftari kwa dakika chache, ajua pia.