Kovu Katika Msuli wa Moyo: MRI au CT Scan?

Moyo unapodhoofika, kipimo cha kwanza aghalabu huwa ultrasaundi, ambayo huonyesha jinsi msuli unavyosukuma damu. Hata hivyo, si mara zote kipimo hicho hubainisha chanzo cha udhaifu. Je, msuli umezorota kwa kukosa damu ya kutosha na bado waweza kurudia nguvu, au sehemu yake imekwisha kufa na kugeuka kovu? Jibu husaidia kuamua iwapo mgonjwa atanufaika kwa kuzibuliwa mishipa au kufanyiwa upasuaji.

MRI hutumia sumaku na mawimbi ya redio, bila eksirei. Mgonjwa hudungwa dawa yenye gadolini, na baada ya dakika 10 hivi picha za kovu hupigwa. Dawa hiyo haiingii ndani ya seli hai, bali hukaa katika nafasi zilizo baina ya seli. Kwenye kovu nafasi hizo ni pana, hivyo dawa hukawia kutoka na kovu hung'aa. Kovu la shambulio la moyo huanzia tabaka la ndani la ukuta. Lile litokanalo na maambukizi ya virusi mara nyingi huwa katikati au upande wa nje. Likizidi nusu ya unene wa ukuta, ni nadra sehemu hiyo kupata nafuu hata mshipa ukizibuliwa.

CT Scan hutumia eksirei na dawa yenye madini ya iodini. Sifa yake kuu ni kuonyesha mishipa inayoulisha moyo. Lakini iodini husambaa mwilini kama gadolini. Picha zikirudiwa dakika chache baadaye, nafasi baina ya seli zaweza kukadiriwa. Katika moyo wenye afya, nafasi hiyo ni takriban robo ya msuli. Hata hivyo, kovu huonekana hafifu kuliko katika MRI.

MRI yaweza kuchukua hadi saa nzima, ilhali CT Scan humalizika kwa dakika chache, jambo linalomfaa mgonjwa asiyeweza kulala chali kwa muda mrefu. Kabla ya kipimo chochote, mgonjwa amweleze daktari kama ana betri ya moyo, ugonjwa wa figo, mzio wa dawa au ujauzito.