Mbao za ukutani: bei ya dukani si gharama ya Kua

MNUNUZI wa visiwa vya Mafia anayetaka kupamba kuta za nyumba yake kwa mbao hulipa mara tatu: dukani, kwenye chombo cha kuvusha mzigo, na tena pale mchwa na unyevu vinapoharibu kazi. Malipo ya tatu ndiyo makubwa, na ndiyo pekee yanayoweza kuepukwa.

Kua, mji wa kale katika kisiwa cha Juani, unatoa funzo. Mji huo ulihamwa katika karne ya 19 baada ya kuvamiwa na Wasakalava kutoka Madagaska. Kuta zake za mawe ya matumbawe na chokaa bado zinaonekana. Mbao zilizokuwamo zimetoweka. Wajenzi wa pwani hawakuwa na desturi ya kufunika ukuta mzima kwa mbao. Ukuta ulipigwa lipu ya chokaa, na wenye uwezo wakatengeneza vidaka. Mbao zilikwenda kwenye milango na madirisha, na boriti za mikoko zikabeba dari.

Mpango huo una maana kwa mwenye mtaji mdogo anayejenga nyumba ya wageni leo. Ukuta wa chokaa hunyonya unyevu na kuutoa. Ukibandikwa mbao moja kwa moja, unyevu hukwama nyuma yake na ubao huoza kabla mwenye nyumba hajaona dalili. Anayetaka mbao basi afunike sehemu ya chini ya ukuta tu, kiasi cha futi 3, juu ya papi zinazoacha nafasi ya hewa. Ubao usiguse sakafu, upakwe vanishi pande zote mbili, na usipigiliwe misumari inayoshika kutu.

Kuhusu aina, mvule na mninga ndizo zenye sifa ya muda mrefu, nazo ni ghali. Mtiki wa mashamba ya Longuza mkoani Tanga na Mtibwa mkoani Morogoro unafaa, lakini mnunuzi aangalie rangi: kiini cha kahawia hustahimili mchwa, sehemu nyeupe ya nje haistahimili. Mti mchanga una weupe mwingi. Msonobari, kama ule wa Sao Hill karibu na Mafinga, ni wa bei nafuu na hurandwa kwa urahisi, ila bila dawa ya mchwa haufai kisiwani.

Ipo bidhaa iliyo karibu zaidi. Mafia ni wilaya ya minazi, na minazi mizee iliyopunguza kuzaa huweza kupasuliwa mbao. Mnazi ni kinyume cha mtiki: ugumu wake uko nje, na ndani ni laini. Mbao nzuri ni zile za pembeni mwa gogo, hasa sehemu ya chini ya mti. Zinazofaa kuitwa ngumu huwa na uzito wa zaidi ya kilo 600 kwa mita moja ya ujazo. Nazo zinahitaji dawa, na huchosha msumeno. Faida ya pili ni kwa mkulima: gogo likipasuliwa halibaki shambani kuwa mazalia ya chonga, mdudu anayeshambulia minazi.

Hesabu ifanywe kabla ya safari. Chumba cha futi 12 kwa 10 kina mzunguko wa futi 44; ukiondoa mlango wa futi 3 zinabaki 41, yaani inchi 492. Ubao wa inchi 6 ukirandwa na kuchongwa ulimi hufunika takriban inchi 5, hivyo vinahitajika vipande 99 vya futi 3. Ubao wa futi 12 hutoa vipande vinne. Hizo ni mbao 25. Ukiongeza asilimia 10 za hasara, 28. Papi safu mbili ni futi 82, sawa na vipande 7 vya futi 12.

Ukavu hupimwa bila mashine. Kata kipande kidogo, kipime, kikaushe kwenye joto la oveni hadi uzito usipungue tena. Kikishuka kutoka gramu 460 hadi 400, maji yalikuwa asilimia 15, kiwango kinachofaa pwani. Kikizidi hapo sana, ubao utajikunja baada ya kupigiliwa. Mzigo unaovuka kutoka Nyamisati hadi Kilindoni, na tena kwa mashua hadi Juani, ufunikwe turubai, kwani maji ya chumvi hufuta kazi yote ya kukausha.

Mwisho ni karatasi. Mbao husafirishwa kwa hati ya mazao ya misitu, maarufu kama TP, inayotolewa na Wakala wa Huduma za Misitu (TFS). Juani imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, hivyo boriti za mikoko zisinunuliwe bila kibali. Magofu ya Kua nayo yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Hakuna jiwe wala kipande cha ubao kinachoruhusiwa kuchukuliwa humo kupamba nyumba mpya. Mzigo usio na hati unaweza kukamatwa bandarini, na nauli ya chombo hairudi.