Mtoto wa SS, godoro lililolowa na seli za figo
Mtoto wa SS, yaani mwenye selimundu, akikojoa kitandani mjini Kisangani, iwe Mangobo au Lubunga ng'ambo ya mto, jirani hakosi dawa: asipewe maji jua likishazama. Ushauri huo ni wa hatari, na sababu yake imo ndani ya figo.

Kisangani jambo hili haliwahusu wachache. Uchunguzi wa watoto wachanga wa mji huo, uliochapishwa mwaka 2010, ulikuta karibu mmoja katika kila mia ana selimundu, na zaidi ya mmoja katika watano ni AS, yaani amebeba jeni moja tu ya selimundu.

Kila figo ina vichujio kama milioni moja. Vimishipa vya kichujio vimekumbatiwa na podosaiti, seli zenye vidole vilivyopishana: maji na chumvi vinapenya, protini na chembe za damu zinabaki. Mvuvi wa Wagenia wa Kisangani anaujua mtego wa namna hiyo. Ila kwenye figo zote mbili hupenya lita kama 180 kwa siku. Zingetoka zote, mtu angekauka kabla ya adhuhuri. Seli za mirija ya mwanzo, zenye vinyweleo vingi kama brashi, hurudisha damuni karibu theluthi mbili.

Shida ya SS iko chini zaidi, katikati ya figo, ambako chumvi ni nyingi na oksijeni ni haba. Mwili ukihitaji maji, homoni ya ubongo huziamuru seli za mirija ya mwisho zifungue vijilango, na chumvi iliyoko nje huyavuta maji. Lakini chembe nyekundu za SS zikifika humo hujikunja mundu na kuziba vimishipa. Miaka ikipita, chumvi hairundikani tena. Amri inafika, vijilango vinafunguka, kinachoyavuta maji hakipo. Mkojo hutoka mwingi na mwepesi, usiku kama mchana.

Mtoto huyo si mvivu, na kumchapa ni kumwonea. Ukimnyima maji, mkojo haupungui vya kutosha. Damu ndiyo inayokauka, chembe zinazidi kujikunja, na maumivu ya mifupa yanaanza. Heri mama amwamshe mara moja au mbili usiku, na jagi la maji likae karibu.

Ukubwani zamu huzifikia podosaiti, na hizo zikifa ni vigumu kupata badala yake. Protini huanza kuvuja bila maumivu yoyote. Kijiti cha kupima mkojo huigundua mapema, muda mrefu kabla mgonjwa hajaona povu jeupe lisilotulia chooni.