Deni Humfikiaje Mtoto?

Kuanzia mwisho wa mwezi hadi tarehe 5, ploti nyingi za Ruiru na Thika hukosa utulivu. Kodi inadaiwa kwa mkupuo, ilhali kibarua wa kiwandani hulipwa kwa siku au kwa wiki. Pesa zikiingia kwenye M-Pesa, mkopo wa Fuliza hukatwa kwanza. Kwa anayeishi chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, iwe Kihunguro kule Ruiru au Kiandutu kule Thika, ugomvi hauna pa kujificha: baba na mama wakiulizana pesa zimeenda wapi, mtoto aliye kitandani na daftari lake anasikia yote.

Hali kama hii iliwahi kuchunguzwa mbali na hapa. Miaka ya 1980, wakulima wengi wa Iowa, Marekani, walizama kwenye madeni baada ya thamani ya mashamba kuporomoka. Mwanasosholojia Rand Conger na wenzake walizifuatilia familia za huko, wakaona kwamba uhaba humfikia mtoto hasa kwa kupitia wazazi. Deni huleta wasiwasi na huzuni, huzuni huzaa ugomvi, na mzazi aliyechoka huwa mkali leo, kesho hajali. Hapo mtoto mmoja hugeuka mkorofi, mwingine hujitenga.

Je, mkazo wa pesa ukilegea, nyumba hutulia? Kati ya 2011 na 2013, Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro walichunguza familia maskini za Rarieda, Siaya, zilizopewa pesa za bure na shirika la GiveDirectly. Wapokeaji walichaguliwa kwa bahati nasibu; kwingine alipewa mke, kwingine mume. Waliopokea waliridhika zaidi na maisha, msongo ukapungua. Wanaume kuwapiga wake zao nako kulipungua, awe amepokea mke au mume. Ukatili wa kingono ulipungua pale mke alipopokea.

Pesa za bure si za kutegemea. Ila utafiti wa Iowa ulionyesha jambo la pili: wanandoa waliotegemezana na kujua kutatua matatizo pamoja hawakuyumbishwa sana na deni. Kukaa chini na kupiga hesabu kabla siku ya kodi haijafika kuna faida, na mtoto aambiwe wazi kwamba shida hii si kosa lake. Mwenye ploti naye akikubali kodi kwa mafungu ya kila wiki, hapotezi hata shilingi, na huenda akawapunguzia wapangaji wake sababu moja ya kugombana.