Jioni Moja kwa Kila Mtoto

Akina mama wenzetu, siku hizi tunakimbizana na saa. Mtoto wa jirani akitangulia kujua kusoma, sisi tunakosa usingizi. Hata mama anayewafundisha watoto wake nyumbani hukuta haraka ile ile imemfuata hadi mezani pake. Mwezi huu tumtazame mama mmoja aliyeifanya kazi hiyo zamani.

Susanna Wesley alizaliwa London mwaka 1669. Aliolewa na Samuel, kasisi wa Kianglikana, wakaishi Epworth, Uingereza. Alizaa watoto 19, lakini 10 tu ndio waliokua. Shida hazikumwacha: mwaka 1705 mumewe alifungwa kwa sababu ya deni, na Februari 1709 nyumba yao iliteketea. Mwanawe John, mwenye miaka mitano, alitolewa dirishani moto ukiwa umeshapamba.

Shule chini ya paa moja

Mtoto alipotimiza miaka mitano, kesho yake alianza herufi. Masomo yalikuwa saa 3 hadi saa 6 mchana, kisha saa 8 hadi saa 11 jioni. Kitabu cha kwanza cha kusomea kilikuwa Biblia, kuanzia Mwanzo sura ya kwanza. Tena mama huyu aliweka sharti: msichana asifundishwe kazi za mikono kabla hajajua kusoma vizuri sana.

Si kila alichofanya tunapaswa kukiiga. Alikuwa mkali, na watoto wake waliijua fimbo wangali wachanga. Lakini tunampenda kwa kuwa naye alikubali kufundishwa.

Mwalimu naye alikua

Watoto wake walishika herufi zote kwa siku moja, isipokuwa Mary na Anne, waliochukua siku moja na nusu. Mama akawaona wazito wa akili. Baadaye, alipoona jinsi watoto wengine wanavyochukua muda mrefu, alibadili mawazo yake. Alimwandikia John hivyo mwaka 1732.

Jambo kubwa zaidi lilitokana na kusoma. Alisoma habari za wamisionari wa Denmark waliokwenda India, moyo wake ukaguswa, akajiuliza anawafanyia nini watu wa nyumbani mwake. Mwaka 1712 alimweleza mumewe kwa barua kwamba kila jioni anazungumza na mtoto kwa faragha. Alhamisi ilikuwa ya John. Miaka mingi baadaye, John akiwa mtu mzima huko Oxford, alimwomba mama yake ampe tena ile nafasi ya Alhamisi. Hakuomba masomo ya saa sita kwa siku. Aliomba ile jioni.

Nasi je?

Wengi wetu watoto wetu huenda shule, wachache tunawafundisha wenyewe. Sote tuna jioni. Tumchague mtoto mmoja leo, tuzime televisheni, simu ikae mbali. Tunaweza kuzungumza huku tukichambua mchele. Tusikague madaftari wakati huo. Tumuulize kinachomfurahisha na kinachomwogopesha, kisha tusali naye kwa maneno machache.

Nasi tujitengee robo saa ya kusoma Neno na kitabu chema, maana kisima kikikauka hakuna wa kuchota.

Haraka haraka haina baraka. Bwana atujalie subira ya kumngoja kila mtoto afike kwa mwendo wake.