Majina Yaliyopotea Njiani: Katuni ya Kijapani ya Mapenzi ya Shuleni na Mtazamaji wa Panda

1. Utangulizi

Makala haya yananuia kueleza kwa nini hadithi ya mapenzi inayosifiwa kwao huweza kuonekana chapwa inapotufikia kupitia lugha nyingine. Mfano wetu ni Kimagure Orange Road, katuni yenye sehemu 48 iliyoonyeshwa katika televisheni ya Japani mwaka 1987 na 1988, kutokana na hadithi za picha za Izumi Matsumoto (1958-2020). Nchini Ufaransa ilionyeshwa kuanzia mwaka 1990 kwa jina la Max et Compagnie, baadhi ya mandhari zikiwa zimekatwa.

Mtazamaji tunayemfikiria ni mwenyeji wa Panda, mojawapo ya komini nne za Likasi, mji ulioitwa Jadotville hadi mwaka 1966. Huko, kama kwingine katika miji ya shaba ya Katanga, Kiswahili kilikuwa lugha ya pamoja ya wafanyakazi waliotoka sehemu mbalimbali, na Kifaransa ni lugha ya shule na ya televisheni. Kwa hiyo Japani humfikia mtu wa Panda ikiwa imevaa mavazi ya Kifaransa.

2. Kisa chenyewe

Kyosuke Kasuga, mvulana mwenye uwezo wa kimaajabu anaouficha, anahamia mji mgeni na kumpenda Madoka Ayukawa. Hikaru Hiyama, rafiki wa Madoka aliye mdogo kwake, anampenda Kyosuke waziwazi. Kyosuke hathubutu kumwumiza Hikaru. Madoka naye ananyamaza kwa ajili ya rafiki yake. Hivyo ndivyo hadithi inavyokwenda, sehemu baada ya sehemu.

Anayeitazama kwa Kifaransa huuliza swali la haki: mvulana huyu anangoja nini? Sehemu kubwa ya jibu imo katika namna wahusika wanavyoitana.

3. Kuitana kwa Kijapani

Kyosuke humwita Madoka kwa jina la ukoo, Ayukawa. Hikaru humwita kwa jina lake binafsi, akiongeza -chan, kiambishi cha kudekeza. Anayependwa kwa dhati anaitwa kwa umbali. Asiyependwa vivyo anaitwa kwa ukaribu. Hikaru naye humwita Kyosuke senpai, yaani mkubwa wake shuleni, kisha humwita mpenzi kwa neno lililokopwa kutoka Kiingereza. Kila wanapofumbua kinywa, wahusika hawa wanafichua kile wasichokisema.

Katika Max et Compagnie Kyosuke amekuwa Max, Madoka amekuwa Sabrina, na Hikaru amekuwa Paméla. Majina yote sasa ni ya aina moja na umbali mmoja. Sabrina na Paméla wanaitwa sawasawa, na mtazamaji hana tena alama ya kumwonyesha tofauti iliyomo moyoni mwa mvulana.

4. Hasara ya mtazamaji wa Panda

Yafaa kusisitiza kwamba mabadiliko haya, yaliyokusudiwa kumrahisishia kazi mtoto wa Ufaransa, yalimwondolea mtu wa Panda kitu ambacho angekielewa bila kufunzwa. Tangu siasa ya uhalisi ya mwaka 1972, iliyoondoa majina ya Kikristo katika maandishi rasmi, Mkongo amezoea kuwa na jina na jina la nyongeza. Baadaye jina la ubatizo lilirudi kando yake. Tuseme mwanafunzi anaitwa Ilunga Kasongo Maurice. Darasani ni Ilunga. Nyumbani ni Maurice. Ni kweli kwamba Ilunga si lazima liwe jina la ukoo kama Ayukawa. Lakini msichana wa darasa lake anayeacha kusema Ilunga na kuanza kusema Maurice amekwisha kusema jambo, na wenzake wote wamelisikia.

Neno senpai ni gumu zaidi. Kiswahili cha Katanga kina yaya, yaani ndugu mkubwa, wakati pwani yaya ni mlezi wa watoto. Yaya lingebeba vizuri heshima ya mdogo kwa mkubwa. Lakini lingemfanya Kyosuke kuwa kaka, na kaka hapendwi kimapenzi. Mfasiri angelazimika kuchagua kati ya heshima na mapenzi, au kulitumia yaya mwanzoni tu na kuliacha pale Hikaru anapojasiri.

5. Udhaifu usio wa tafsiri

Hata hivyo, si haki kuibebesha tafsiri lawama zote. Baada ya sehemu 48 Hikaru bado hajaambiwa ukweli. Jambo hilo liliachiwa filamu ya mwaka 1988, Ano Hi ni Kaeritai, ambamo Kyosuke anamchagua Madoka na Hikaru anaumia bila kufichwa. Aliyeishia kwenye televisheni ana sababu ya kunung'unika, hata kama anakijua Kijapani.

6. Hitimisho

Tumeona kwamba kuvunjika moyo kwa mtazamaji kuna vyanzo viwili: hadithi inayokwepa mwisho wake, na tafsiri iliyofuta alama za kuitana. Cha kwanza hatuwezi kukirekebisha. Cha pili chatuhusu sisi tunaofundisha na kujifunza Kiswahili. Atakayeifasiri hadithi ya namna hii kwa ajili ya Likasi au Lubumbashi asianzie kwenye Kifaransa. Na kabla ya kuuliza neno fulani lina maana gani, aulize kwanza nani anamwitaje nani.